Joto na Halijoto: Namna ya Kutafuta Kosa katika Uigaji wa Viungo Vilivyochomelewa

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa Kiswahili namna makosa yanavyotafutwa katika hesabu za kompyuta zinazoiga mwendo wa joto ndani ya viungo vya chuma vilivyochomelewa. Mwandishi ni mwalimu wa isimu, wala si mhandisi; lakini jambo lenyewe lina upande wa lugha usioweza kuachwa. Mengi ya makosa hayo huanza pale ambapo mtu hakupambanua maneno mawili, joto na halijoto, na dawa yake huanza papo hapo. Nitajaribu kuonyesha ya kuwa mwenye kuyatenga maneno hayo mawili amekwisha kufika nusu ya njia.

I. Kwa nini joto la mshono hupigiwa hesabu

Fundi achomeleapo mabamba mawili, moto wa umeme huyeyusha kingo zake pamoja na ncha ya kijiti cha kuchomelea, na kidimbwi kidogo cha chuma kilichoyeyuka hufuata mkono wake. Chuma hicho kikisha kuganda ndicho tukiitacho mshono. Kando ya mshono pana ukanda wa chuma ambacho hakikuyeyuka, lakini kimepata moto wa kutosha kubadili tabia yake. Hapo ndipo penye hatari. Chuma cha pua kikipoa haraka mno kutoka digrii 800 za Selsiasi hata 500, ukanda huo huweza kuwa mgumu na mwepesi wa kuvunjika kama kigae. Na ikiwamo haidrojeni kidogo ndani yake, nyufa hutokea, pengine baada ya saa nyingi tangu fundi kwenda zake. Vilevile sehemu zilizopata moto hutanuka na kusinyaa kwa kiasi kisicholingana, bamba likapinda, au likabaki na mkazo usioonekana kwa macho.

Madhara yake si madogo. Tarehe 27 Machi 1980, katika Bahari ya Kaskazini, jukwaa la Norway lililoitwa Alexander L. Kielland, lililokuwa makao ya wafanyakazi wa mafuta, lilipinduka, na katika watu 212 waliokuwamo walikufa 123. Wachunguzi waliufuata ufa uliovunja mhimili mmoja wa jukwaa mpaka wakafika kwenye mshono mdogo, wa milimita 6 tu, uliokuwa umeshikilia kifaa cha kusikilizia sauti za majini. Ndani ya ufa walikuta rangi, nayo ni dalili ya kuwa sehemu ya ufa ilikuwapo tangu jukwaa lilipokuwa likijengwa. Sisemi ya kuwa kompyuta ingaliwaokoa watu wale. Lakini kisa hiki chaonyesha ya kuwa katika kazi hii hakuna mshono ulio mdogo.

Ndiyo maana wahandisi hupenda kujua mapema joto litakwenda wapi na chuma kitapoa kwa muda gani, kabla ya kijiti kugusa bamba. Hesabu iliyo sawa huwaonya. Hesabu yenye kosa ni mbaya kuliko kutokuwa na hesabu kabisa, kwa sababu huja na picha nzuri yenye rangi nyekundu na buluu, na picha hiyo humtuliza mtu ambaye angalikuwa na mashaka.

II. Maneno mawili

Katika mazungumzo ya kila siku neno joto hubeba mizigo miwili. Twasema leo pana joto, na twasema mgonjwa ana joto la digrii 39, wala hapana anayepotea. Lakini katika hesabu ya mshono mizigo hiyo haina budi kutengwa. Joto ni kitu kinachoingia na kutoka. Hupimwa kwa jouli, nacho huweza kujumlishwa. Halijoto, kama neno lenyewe lisemavyo, ni hali tu. Hupimwa kwa digrii, wala haijumlishwi. Ukimimina kikombe cha maji ya digrii 50 juu ya kikombe kingine cha digrii 50, hupati maji ya digrii 100.

Mfano ulio karibu zaidi ni cheche za fundi. Cheche moja ya chuma huweza kupita digrii 1,000, lakini ikimwangukia mtu mkononi humchoma kidogo tu. Sufuria ya maji yanayochemka haipiti digrii 100, lakini ikimmwagikia mtu yaweza kumwua. Cheche ina halijoto kubwa na joto kidogo. Sufuria ina halijoto ndogo kuliko ile na joto jingi.

Twaweza kulinganisha joto na maji, na halijoto na kina chake chomboni. Debe moja la maji laweza kujaza mtungi, na likimwagwa katika birika pana lisifunike hata kisigino. Mwenye kutazama kina peke yake hawezi kujua ni madebe mangapi yaliyotiwa. Na picha ya kompyuta huonyesha kina; haionyeshi madebe.

III. Kompyuta hufanyaje kazi

Kanuni ya mwendo wa joto ndani ya vitu vigumu ilitolewa kitabuni na Mfaransa Joseph Fourier mwaka 1822. Mwaka 1941 Daniel Rosenthal aliitumia kwa uchomeleaji, akauchukua moto wa fundi kuwa ni nukta moja inayotembea juu ya bamba. Hesabu yake yaweza kufanywa kwa kalamu, nayo hufaa sana mbali na mshono. Lakini penye nukta yenyewe halijoto hupanda bila kikomo, jambo lisilowezekana. Mwaka 1984 John Goldak na wenzake huko Kanada walilieneza joto katika umbo mfano wa yai, fupi mbele na refu nyuma, lifanane na kidimbwi cha chuma. Umbo hilo ndilo litumiwalo na wengi hata leo.

Kompyuta hulikata bamba katika vipande vidogo vingi. Mimi napenda kuuita mkusanyiko wa vipande hivyo wavu, kipande kimoja jicho, na mahali pa kukutana pembe zake fundo. Wakati nao hukatwa katika hatua fupi fupi. Katika kila hatua kompyuta huuliza juu ya kila jicho: joto gani limeingia kutoka kwa moto, lipi limetoka kwa jirani, lipi limekwenda kwa jirani au hewani, na lipi limebaki? Kutokana na joto lililobaki hupata mabadiliko ya halijoto. Kazi yote ni utunzaji wa daftari, kama la mwenye duka, isipokuwa bidhaa ni joto.

IV. Daftari kwanza

Mtu aonapo halijoto isiyo ya kawaida katika picha, jambo limjialo kwanza ni kubadilisha tarakimu moja moja mpaka picha ipendeze. Njia hiyo haifai. Swali la kwanza lisiwe: kwa nini halijoto ni kubwa, au ni ndogo? Swali la kwanza liwe: je, joto lote lililotiwa limeonekana?

Tuchukue mfano. Umeme ni wa volti 25 na ampea 200. Nguvu yake ni wati 5,000. Si nguvu yote iingiayo katika bamba, kwani nyingine hupotea hewani. Kwa kijiti chenye ganda la dawa, sehemu iingiayo ni kama 0.8, yaani wati 4,000. Mkono wa fundi wenda milimita 5 kwa sekunde. Kwa hiyo kila milimita ya mshono hupata jouli 800, na mshono wa milimita 100, uchukuao sekunde 20, hupata jouli 80,000.

Sasa tutazame bamba. Urefu wake ni milimita 200, upana 150, na unene 10. Uzito wake ni kilo 2.36 hivi. Kilo moja ya chuma cha pua kisichokuwa na moto mwingi hutaka jouli 480 hivi ili ipande digrii moja. Bamba zima hutaka kama 1,130. Tukigawa 80,000 kwa 1,130 twapata 71. Maana yake, lau bamba lisingepoteza joto lolote, nalo likaachwa mpaka joto likaenea sawasawa, lingepanda digrii 71 tu. Haidhuru kwamba njiani sehemu yake iliyeyuka, kwa sababu joto lililotumika kuyeyusha hurudishwa wakati wa kuganda.

Basi na ifanywe hivi: ziba mipaka yote katika uigaji ili joto lisitoke, acha saa ya kompyuta iende mpaka bamba zima liwe na halijoto moja, kisha usome. Ikiwa bamba lilianza kwa digrii 20 nalo likaishia karibu na 91, daftari ni sahihi, na kosa likiwapo liko kwingine. Isipokuwa hivyo, tarakimu yenyewe aghalabu humtaja mkosaji:

(a) Bamba likipanda digrii 142 badala ya 71, joto limekuwa maradufu. Mara nyingi mtu ameiga nusu ya kiungo ili kupunguza kazi, kwa kuwa nusu ya pili hufanana na ya kwanza, lakini akatia joto la kiungo kizima.

(b) Likipanda 35 au 36, nusu ya joto imepotea. Atazamwe Goldak. Katika kanuni yake joto hugawanywa kati ya sehemu ya mbele ya yai na sehemu ya nyuma kwa viwango viwili ambavyo jumla yake lazima iwe 2. Kwa desturi ya hesabu nyingine mtu hudhani jumla ni 1.

(c) Likipanda 89, ile sehemu ya 0.8 imesahauliwa, na wati zote 5,000 zimeingizwa.

(d) Likipanda chini ya sehemu moja ya kumi ya digrii, kosa ni la vipimo. Wahandisi wengi hupima urefu kwa milimita na uzito kwa tani, na katika mpango huo nguvu haihesabiwi kwa wati bali kwa miliwati. Wati 4,000 huandikwa 4,000,000. Mtego wake ni huu: uwezo wa chuma wa kupitisha joto, ambao kwa mita ni 50 hivi, hubaki 50 vile vile kwa milimita. Mtu huona tarakimu moja haikubadilika, akadhani na nyingine hazibadiliki. Kumbe msongamano wa 7,850 umekuwa 7.85 iliyogawanywa kwa bilioni moja.

V. Wavu na hatua

Daftari likiwa sahihi na picha ikaendelea kuwa ya ajabu, yafaa kutazama wavu. Mvuvi ajua ya kuwa wavu wa macho makubwa haushiki dagaa. Ikiwa yai la joto lina nusu-upana wa milimita 3, na kila jicho la wavu lina milimita 5, sehemu kubwa ya joto yaweza kupita katikati ya mafundo bila kuhesabiwa. Karibu na mshono yai halina budi kufunikwa na macho kadhaa kila upande. Kisha macho yakatwe nusu na hesabu irudiwe. Halijoto ya kilele ikibadilika sana, wavu bado haujatosha.

Hatua za wakati nazo zina makosa yake. Moto ukienda milimita 5 kwa sekunde, na hatua ikawa ya sekunde nzima, moto hauendi bali waruka. Katika picha mshono huonekana kama uzi wa shanga, duara moja la moto baada ya jingine. Hatua na ifupishwe mpaka moto usipite zaidi ya jicho moja kwa mara moja.

Ziko programu zinazokokotoa halijoto mpya kutokana na ya zamani moja kwa moja. Katika hizo hatua ikizidi kiasi, halijoto huyumba juu na chini, kila mara zaidi, mpaka ikafika mamilioni. Kiasi hicho chajulikana: ukubwa wa jicho uzidishwe kwa wenyewe, kisha ugawanywe kwa mara sita ya kasi ya kuenea joto, ambayo kwa chuma cha pua kisicho na moto ni milimita za mraba 13 hivi kwa sekunde. Kwa jicho la milimita 1 hatua isipite sekunde 0.013. Jicho likikatwa nusu, hatua lazima iwe robo.

Kosa jingine huwashangaza wengi zaidi. Bamba lilikuwa katika chumba cha digrii 20, moto ukapita, na fundo lililo mbele ya moto likasoma digrii 5. Hapana moto upoao chuma! Mtu hudhani hatua ni ndefu, akaifupisha, na jambo likazidi kuwa baya. Katika programu zinazotatua mafundo yote kwa pamoja, hatua fupi mno juu ya jicho kubwa ndiyo iletayo aibu hii. Kwa jicho la milimita 5, hatua ikiwa chini ya sekunde 0.32 hivi yaweza kuleta baridi ya uongo. Dawa yake ni kupunguza macho ya wavu mahali hapo, au kuiagiza programu ikusanye uwezo wa kubeba joto kwenye mafundo yenyewe, badala ya kuutawanya katika jicho zima.

VI. Mipaka na tabia ya chuma

Joto hutoka katika bamba kwa njia tatu: kwa hewa inayopita, kwa mnururisho, na kwa vyuma vinavyolishika bamba. Mnururisho hufuata halijoto iliyopigwa mara nne kwa yenyewe, nayo lazima ihesabiwe kwa kelvini, yaani digrii za Selsiasi zikiongezwa 273. Bamba la digrii 500 likihesabiwa kwa Selsiasi, mnururisho wake hupungua zaidi ya mara tano, na chuma huonekana kikikawia kupoa. Njia ya tatu husahauliwa mara nyingi. Meza nene ya chuma iliyo chini ya bamba yaweza kunywa joto jingi kuliko hewa yote ya chumbani.

Tena chuma si kile kile kwa kila halijoto. Uwezo wake wa kupitisha joto hushuka kutoka 50 hivi mpaka karibu na 27 kipitapo digrii 800. Karibu na digrii 735 hutaka joto jingi sana kwa kila digrii, kwa kuwa umbo lake la ndani linabadilika. Na kuyeyusha kilo moja hutaka jouli 270,000 hivi bila halijoto kupanda sana. Joto hili twaliita joto fiche. Kuyeyuka hutokea katika nafasi ya digrii chache tu, na hatua ndefu huweza kuiruka nafasi hiyo kabisa, joto fiche lisiandikwe popote. Dalili yake ni kidimbwi kikubwa kupita kiasi.

Dalili moja yatosha kumsimamisha mtu papo hapo. Chuma huchemka karibu na digrii 2,860. Uigaji uonyeshao digrii 5,000 katikati ya kidimbwi umesema uongo, hata kama kila kitu kingine ni kizuri. Mara nyingi yai la joto limefanywa dogo mno, au yale mazunguko ya chuma kilichoyeyuka, yanayosambaza joto upesi, hayakuhesabiwa.

VII. Kulinganisha na bamba lenyewe

Mwisho wa yote ni kupima. Nyaya za kupimia halijoto hubandikwa kando ya mshono, na baadaye kiungo hukatwa, kikang'arishwa na kutiwa dawa ili mpaka wa kuyeyuka uonekane. Mpaka huo unapaswa kulingana na mstari wa digrii 1,500 hivi katika picha ya kompyuta.

Hapa pana kishawishi kikubwa kuliko vyote. Mtu hupima mahali pamoja, akaona tofauti, akabadilisha ile sehemu ya 0.8 mpaka mistari miwili ikalaliana, akafurahi. Lakini makosa mawili yaweza kufutana mahali pamoja na yasifutane kwingine. Akilazimika kuifanya 1.2, amesema ya kuwa moto umetoa joto jingi kuliko umeme uliopewa. Akilazimika kuifanya 0.4 kwa kijiti cha kawaida, basi kuna nusu iliyopotea mahali, na ni afadhali aitafute. Yafaa kupima mahali patatu kwa uchache, pa karibu na pa mbali, kisha hesabu ile ile, bila kuguswa, ijaribiwe juu ya bamba la unene mwingine. Ikisimama na hapo, yaweza kuaminiwa. Lakini hata waya wa kupimia na utiliwe shaka: karibu na mshono halijoto hushuka kwa mamia ya digrii katika milimita chache, na waya uliobandikwa milimita moja kando ya mahali ulipoandikwa hutoa ushahidi wa uongo bila nia mbaya.

VIII. Neno la mwisho

Nimetumia maneno wavu, jicho, fundo na hatua bila kuyaomba kwa mtu. Wavuvi wa pwani wameyatumia kabla ya kompyuta kuzaliwa, nayo yanakaa vizuri katika kazi hii mpya. Halijoto ni neno changa zaidi, na wako wanaoona ya kuwa joto latosha. Natumaini mfano wa bamba letu umeonyesha ya kuwa halitoshi. Mwanafunzi mwenye neno moja kwa mambo mawili atauliza swali moja pale yatakiwapo mawili, na atarekebisha kina huku madebe yakivuja.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, nao ni mfupi: hesabu joto kabla ya kuhukumu halijoto, kisha wavu, kisha hatua, kisha mipaka na tabia ya chuma, na badiliko liwe moja tu kwa kila jaribio. Msomaji aliye na maneno bora kuliko haya, hasa ya joto fiche na mnururisho, ambayo mafundi wa mitaani hawajayazoea, tutashukuru akiyaleta. Mafundi wenyewe waulizwe kwanza, maana wao huliona joto hilo kila siku kwa rangi ya chuma, na huenda wanalo neno tusilolijua.